Yasuke na Bwana Wake Nobunaga: Majibu kwa Wasomaji wa Lamu na Malindi

SWALI: Baada ya salamu, Bwana Mhariri. Barazani kwetu Langoni pamezuka ubishi uliokataa kumalizika. Vijana wameona kwenye simu zao picha za Mwafrika aliyevaa deraya ya Kijapani, wakatuambia kwamba aliitwa Yasuke na kwamba alikuwa samurai, yaani askari wa daraja la heshima wa Kijapani, zaidi ya miaka 400 iliyopita. Mzee wetu mmoja akawajibu kwamba hayo ni mambo ya michezo ya kompyuta, na kama mtu huyo aliwahi kuwapo basi alikuwa mtumwa wa kubeba mizigo. Tunaomba utuamulie.
Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Yasuke alikuwapo, ndugu yangu, na katika hilo vijana wameshinda. Habari zake zimeandikwa na watu wa pande mbili ambao hawakuwa na sababu ya kusaidiana uongo: mapadri wa Kijesuiti, shirika la Kikatoliki, waliokuwa wakipeleka barua kwa wakubwa wao Ulaya, na Wajapani waliokuwa wakiandika tarihi na shajara za kwao. Kuhusu usamurai wake, mimi nasema alikuwa samurai, lakini mzee wenu naye anastahili kusikilizwa, kwa sababu mtu huyu aliingia Japani akiwa mtumishi wa padri, wala hakuwa askari wa mfalme yeyote.

Padri huyo ni Alessandro Valignano, Mtaliani aliyekuwa mkaguzi wa kazi zote za Wajesuiti katika nchi za mashariki. Alishuka katika bandari ya Kuchinotsu, kisiwani Kyushu, mnamo Julai 1579. Nchi aliyoikuta ilikuwa imeraruliwa na vita vya mabwana wakubwa vilivyodumu zaidi ya miaka mia moja, kila bwana na ngome yake na jeshi lake, huku mfalme mkuu aliyekaa Kyoto akibaki na heshima isiyokuwa na nguvu. Aliyekuwa akiwashinda wenzake mmoja baada ya mwingine ni Oda Nobunaga, ambaye mwaka 1575, katika vita vya Nagashino, aliwavunja wapanda farasi wa ukoo wa Takeda kwa magobori, silaha zilizoingia Japani na Wareno mwaka 1543. Nobunaga hakuwa Mkristo na hakukusudia kuwa. Lakini aliwakaribisha mapadri kwa ajili ya vitu vyao na habari zao za ng'ambo, na pia kwa sababu watawa wa Kibudha wenye silaha walikuwa miongoni mwa maadui zake wakubwa.

Valignano alipokwenda Kyoto mwaka 1581, Mwafrika wake alizusha fujo bila ya kufanya lolote. Jumatatu ya tarehe 27 Machi, siku ya pili ya Pasaka, watu walifurika mbele ya nyumba ya mapadri wakitaka kumwona. Barua ya padri Luís Fróis inaeleza kwamba mawe yalirushwa, watu wakajeruhiwa na wengine wakakaribia kufa, na kwamba ijapokuwa palikuwa na walinzi langoni, ilikuwa taabu kuwazuia watu wasilivunje. Nobunaga alikuwa mjini siku hiyo, akaagiza aletewe mtu huyo, na padri Organtino akampeleka. Nobunaga alimwamuru avue nguo kuanzia kiunoni kwenda juu, kwa kuwa hakuamini kwamba rangi ile ilikuwa ya maumbile. Aliporidhika aliwaita wanawe nao waje watazame, na mtoto wa nduguye, aliyekuwa mkuu wa Osaka, akampa mgeni sarafu 10,000.

Nikikisoma kisa hicho mimi sioni heshima ndani yake bado. Naona udadisi wa mkubwa aliyeletewa kioja. Heshima ilikuja baadaye, na ilipitia kwenye mazungumzo. Padri Lourenço Mexia aliandika mnamo Oktoba 1581 kwamba Mwafrika huyo alikijua Kijapani kiasi, kwamba Nobunaga hakuchoka kuongea naye, kwamba alikuwa na nguvu nyingi na ustadi wa michezo iliyomfurahisha bwana, na kwamba alitembezwa Kyoto akiwa na mtu wa kumfuata ili kila mmoja ajue yumo katika himaya ya nani. Watu, anasema Mexia, walikuwa wakinong'ona kwamba atafanywa bwana mwenye nchi yake. Hilo la mwisho halikutokea, lakini watu hawamnong'oni hivyo mbeba mizigo.

Sasa tuwasikilize Wajapani wenyewe. Ōta Gyūichi, aliyekuwa katika utumishi wa Nobunaga na ambaye baadaye aliandika tarihi ya bwana wake, anamtaja kijana mweusi aliyetoka nchi za Wakristo, mwenye umri wa miaka 26 au 27, mzima wa afya, mwenye nguvu za kuwashinda watu kumi. Nakala moja ya tarihi hiyo, iliyohifadhiwa katika maktaba ya ukoo wa Maeda, inaongeza maneno ambayo kwangu ndiyo yanayoikata kesi yenu: kwamba kijana huyo aliitwa Yasuke, kwamba alipewa posho, nyumba yake mwenyewe na upanga mfupi wenye mapambo, na kwamba mara nyingine alikuwa akibeba silaha za bwana wake.

Najua hapo kwenye kubeba ndipo mzee wenu atakaponishika. Lakini fikirini kwanza ni nani aliyekuwa akiruhusiwa kusimama na mkuki nyuma ya mgongo wa Nobunaga, katika nchi ambayo mabwana wengi waliuawa na watu wao wenyewe. Kazi hiyo ya kuwa karibu na mwili wa bwana walipewa vijana wa koo zenye jina, kama Mori Ranmaru. Siwa ya Lamu haikuwa ikipulizwa na kila mwenye pumzi, na silaha za bwana wa Kijapani vilevile hazikubebwa na kila mwenye mabega. Kuhusu posho, yule mtumishi wa padri sasa alikuwa akila kwenye hazina ya bwana mwenye dola, na akikaa katika nyumba yake mwenyewe.

Ipo hoja nyingine ambayo hutumiwa kumvua Yasuke usamurai, nayo ni kwamba hatajwi na jina la ukoo wala hakupewa ardhi. Ni kweli, na kwa sababu hiyo mimi simweki miongoni mwa wakubwa wa watu wa Nobunaga. Lakini katika mwaka 1581 mlango wa kuingilia kwenye daraja hilo ulikuwa bado wazi. Toyotomi Hideyoshi, jemadari mashuhuri wa Nobunaga, alitoka katika familia duni ya mkoa wa Owari, na ni yeye huyo aliyekuja kuufunga mlango alioupitia: mwaka 1588 aliamuru wakulima wanyang'anywe panga zao, na mwaka 1591 akatoa amri ya kuwazuia watu wasihame kutoka daraja moja hadi jingine. Kumpima Yasuke kwa sheria iliyotoka miaka kumi baadaye ni kumwonea. Tena, Mwingereza William Adams, mwongoza meli aliyefika Japani mwaka 1600, alipewa panga na shamba na Tokugawa Ieyasu, bwana aliyekuwa mshirika wa Nobunaga, na sijasikia baraza lolote likikesha kubishana kama yeye alikuwa samurai.

Ushahidi wa mwisho ninaoupenda zaidi ni mfupi kuliko wote, kwa sababu mwandishi wake hakuwa na la kuthibitisha. Katika majira ya kuchipua ya 1582 majeshi ya Nobunaga yaliumaliza ukoo wa Takeda, naye akarudi taratibu kupitia nchi ya mshirika wake Ieyasu, akiutazama mlima Fuji njiani. Matsudaira Ietada, mtu wa Ieyasu, aliandika katika shajara yake siku inayolingana na tarehe 11 Mei 1582 kwamba amemwona katika msafara mtu mweusi anayepewa posho na bwana mkubwa: mwili wake kama wino, urefu wake kwa kipimo chao ni kama sentimita 182, jina lake Yasuke. Kwa hiyo alikuwamo katika msafara wa vita, ijapokuwa Takeda Katsuyori, mkuu wa ukoo huo, alikuwa ameshakufa kabla Nobunaga mwenyewe hajafika uwanjani. Ile deraya ya kwenye simu za vijana ni ya wachoraji wa leo. Waandishi wa wakati wake wametaja upanga, nyumba na posho.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa historia. Wanafunzi wangu wameshikilia kwamba Yasuke alikuwa Mswahili, na wengine wanadai alipakiwa hapa hapa Malindi. Niwafundishe nini?
Mwalimu, Malindi

JIBU: Wafundishe, Mwalimu, ile kauli moja iliyoandikwa, na uwaambie iliandikwa lini. Mjesuiti wa Kifaransa François Solier alieleza katika kitabu cha mwaka 1627 kwamba mtumishi huyo wa Valignano alikuwa mzaliwa wa Msumbiji. Kauli hiyo imetoka zaidi ya miaka 40 baada ya matukio, lakini inaingiana na njia ya safari: Valignano alisafiri kutoka Lisbon hadi Goa mwaka 1574, na meli za Kireno za njia hiyo zilikuwa na desturi ya kutia nanga kwenye Kisiwa cha Msumbiji kungojea upepo.

Ukiutumia ushahidi huo, wanafunzi wako hawatakuwa mbali na nyumbani. Vasco da Gama alipofika kisiwa hicho Machi 1498, mwezi mmoja kabla ya kufika kwenu Malindi, aliwakuta Waislamu wafanyabiashara walio chini ya shekhe aliyefungamana na Kilwa, na bara ya mkabala ilikuwa nchi ya Wamakua. Mtu aliyetoka hapo angeweza kuwa Mmakua aliyeuzwa, au kijana wa pwani aliyezoea lugha ya bandari. Wapo wanahistoria wanaomhesabu kuwa Mhabeshi, kwa kuwa katika karne ya 16 Wahabeshi wengi walikuwa wakiuzwa India na kufanywa askari. Mimi naona kauli ya Solier ina uzito zaidi kuliko makisio hayo, lakini kutoka Msumbiji mpaka Lamu au Malindi ni safari ndefu, na hakuna karatasi inayomvusha.

Hata hivyo, Malindi ina nafasi yake katika historia hii, kwa mlango ambao wanafunzi wengi hawaujui. Kanisa dogo la Wareno lenye paa la makuti, lililo karibu na bahari mjini kwenu, linakumbukwa kwa ziara ya padri Francis Xavier mwaka 1542. Xavier alikuwa njiani kwenda Goa, na meli yake ilipotia nanga Malindi alimzika Mreno mmoja aliyefariki. Katika barua aliyoiandika baadaye anasimulia alivyozungumza na mzee mmoja wa Kiislamu wa mjini, mtu wa heshima, aliyemuuliza kama Wakristo wa kwao walikuwa wakihudhuria ibada kwa bidii. Mzee alikuwa na uchungu: katika misikiti 17 ya Malindi, alisema, ni mitatu tu iliyokuwa ikisaliwa, na hiyo yenyewe kwa watu wachache. Mimi nampenda mzee huyo kuliko Xavier, ambaye alijibu kwa namna ambayo mapadri wa zama zile walijibu. Wanafunzi wako wangeweza kutumia kipindi kizima kujadili kwa nini mji uliokuwa na misikiti mingi hivyo ulikuwa umepoa kiasi hicho miaka 44 baada ya Wareno kufika.

Miaka saba baada ya kuondoka Malindi, tarehe 15 Agosti 1549, Xavier huyo huyo alishuka Kagoshima akaanzisha kazi ya Wajesuiti nchini Japani, na ni kazi hiyo aliyotumwa Valignano kuikagua mwaka 1579 akiwa na mtumishi wake mweusi. Na kama kuna mwanafunzi atakayeona ajabu kwamba kitu cha pwani yetu kilifika mbali namna hiyo, mkumbushe twiga wa Malindi aliyefikishwa kwenye jumba la mfalme wa China mwaka 1415.

SWALI: Assalaam alaykum. Nimesoma kwamba samurai wa kweli alikuwa akijiua bwana wake anapokufa. Sasa Yasuke, kwa nini yeye aliutoa upanga wake akachukuliwa mzima? Huo si woga?
Msomaji wa kike, Shela, Lamu

JIBU: Wa alaykumu salaam, dada yangu. Tuufuate usiku wenyewe kabla ya kuhukumu. Alfajiri ya tarehe 21 Juni 1582 Nobunaga alikuwa amelala katika hekalu la Honnō-ji, Kyoto, na watu wachache tu, kwa kuwa majeshi yake yalikuwa yametawanyika kwenye vita vya mikoani. Jemadari wake Akechi Mitsuhide, aliyekuwa ameamriwa kwenda magharibi kumsaidia Hideyoshi, aliligeuza jeshi lake na kulizingira hekalu. Nobunaga alipigana, akajeruhiwa, kisha akajiua ndani huku jengo likiwaka moto.

Zingatia jambo ambalo mapadri wanalieleza wenyewe: kanisa lao lilikuwa mtaa mmoja tu kutoka Honnō-ji. Mtu aliyewatumikia, aliyejua watampokea, na ambaye bwana wake alikuwa ameshakufa, alikuwa na kimbilio hatua chache kutoka pale. Yasuke hakwenda huko. Fróis anaandika kwamba baada ya kifo cha Nobunaga alikwenda kwenye nyumba ya mrithi wake, Oda Nobutada, aliyekuwa amejifungia na watu wake katika jumba la Nijō, na kwamba huko alipigana kwa muda mrefu. Nobutada naye hakuwa na njia ya kutoka, akajiua kama baba yake. Hapo mtu mmoja wa Mitsuhide akamsogelea Yasuke, akamwambia asiogope, ampe upanga wake. Akampa.

Unauliza kama ni woga. Mimi nasema mwoga hafiki Nijō. Wala kujiua hakukuwa wajibu wa kila mtu aliyepoteza bwana. Katika vita vya zama zile watu wengi walioshindwa walibaki hai na kuingia katika utumishi wa mabwana wengine, na Hideyoshi na Ieyasu waliwapokea maadui wa jana kila mara. Yasuke alimtumikia bwana wa kwanza hadi kifo chake, akapigania mrithi, na alipoutoa upanga hapakuwa na bwana wa tatu wa kupigania.

Kuhusu hukumu aliyopewa, Mitsuhide alipoulizwa afanywe nini, alijibu kwamba mtu huyo ni mnyama asiyejua kitu, wala si Mjapani, kwa hiyo asiuawe, akabidhiwe kanisa la mapadri. Maneno ni ya dharau kabisa, na sitaki kuyapamba. Lakini yakumbuke pia mahitaji ya Mitsuhide asubuhi ile: alikuwa akitafuta msaada wa mabwana Wakristo kama Takayama Ukon, na kuwaulia mapadri mtu wao kusingemsaidia. Huenda tusi hilo lilikuwa njia ya kumwachia hai mtu aliyepigana dhidi yake bila ya kuonekana laini mbele ya askari wake. Msaada wenyewe hakuupata. Ukon alijiunga na Hideyoshi, na siku 11 baada ya Honnō-ji Mitsuhide alishindwa kwenye vita vya Yamazaki akauawa akikimbia. Yasuke alirudishwa kwa mapadri, nao wakamshukuru Mungu kwa kuokoka kwake, na baada ya hapo barua zao hazimtaji tena.

SWALI: Je, Yasuke alikuwa Mwafrika wa pekee katika nchi hizo?
Msomaji, Barani, Malindi

JIBU: Hapana. Meli za Kireno zilizokuwa zikifika Nagasaki zilikuwa na mabaharia na watumishi Waafrika, na wachoraji wa Kijapani wa mwisho wa karne ya 16 na mwanzo wa karne ya 17 waliwachora kwenye viwambo vya kukunja vinavyoonyesha kuwasili kwa wageni: wengine wamepanda milingoti, wengine wamewashikia mabwana wa Kireno miavuli mikubwa. Yasuke anajitenga nao kwa kuwa aliandikwa kwa jina.

Lakini kama unamtafuta Mwafrika aliyepanda juu kabisa kwa upanga katika Asia ya zama hizo, geuza macho kutoka Japani uitazame Dakani, India. Malik Ambar alizaliwa Uhabeshi mnamo 1548, akauzwa utumwani zaidi ya mara moja, akafika India, na mwisho akawa jemadari na mtawala halisi wa dola ya Ahmadnagar, huku sultani akiwa jina tu. Aliyasumbua majeshi ya Mamughali kwa miaka mingi, na mfalme wao Jahangir alimchukia kiasi cha kuchorwa akikipiga kwa mishale kichwa cha Ambar kilichotundikwa, jambo ambalo hakuwahi kulipata nje ya picha: Malik Ambar alikufa mwaka 1626 bado akiwa na madaraka yake. Mji wa Khirki aliouanzisha ndio uliokuja kuitwa Aurangabad.